Sikio Kabla ya Stepu

Kijana aliyetufundisha hip hop Temeke, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alikuwa na redio kaseti moja kubwa, kanda chache, na ukumbi wa sakafu ya saruji tuliouazima jioni baada ya mikutano ya mtaa. Tulimwita Kaka tu. Tulimfuata kwa sababu tulimwona akizunguka kwa kichwa kwenye sherehe, na kila mmoja wetu alitaka kuzunguka vile. Yeye akatupanga mistari miwili, akaweka wimbo, akasema, "Kunjeni magoti. Mdundo ukipiga, shukeni. Basi." Tukashuka na kupanda mpaka mapaja yakawaka moto. Jioni iliyofuata, vivyo hivyo. Wiki zikapita tunadunda tu. Baadhi ya wenzetu wakaacha kuja, wakaenda kwenye makundi yaliyokuwa yanafundisha stepu za kwenye video.

Mimi nilibaki, na ninamshukuru Mungu kwamba nilibaki, maana jioni moja mwili uliacha kungoja amri. Magoti yalishuka yenyewe na dramu kubwa, kifua kikarudi nyuma snea ilipogonga, na shingo, ambayo hakuna aliyeitaja, ikafuata. Sikuwa nikihesabu. Nilihisi kwamba wimbo una sakafu na kwamba nimesimama juu yake. Hicho ndicho madansa wanakiita gruvu, na yote niliyojifunza baadaye kuhusu kucheza na muziki yamejengwa hapo.

Kaka hakuyabuni yale. Aliyachota kwenye kanda za video zilizopita mikono mingi kabla ya kumfikia yeye, na huko zilikotoka wenyewe walishajua msingi ni upi. Hip hop ya kusimama, ile ya sherehe na klabu za New York za miaka ya 1980, ilikua kutokana na stepu za watu wa kawaida: Wop, Running Man, Roger Rabbit, Cabbage Patch. Buddha Stretch, aliyeanza kufundisha darasa la hip hop pale Broadway Dance Center mwaka 1989, ni miongoni mwa waliozitoa klabu na kuziingiza darasani. Ukizitazama kwa makini, chini yake zote utakuta vitu viwili, goti linalodunda na kiwiliwili kinachopembea. Mtu akizicheza bila kudunda anabaki na mikono na miguu inayokwenda huku na huko. Akidunda bila stepu yoyote, tayari anacheza.

Hata muziki wenyewe ulipata umbo lake kwa mtu kuwatazama wachezaji. Clive Campbell, kijana aliyezaliwa Kingston, Jamaika, akahamia Bronx, alipiga santuri kwenye sherehe ya dada yake Cindy tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue. Dunia inamjua kwa jina la DJ Kool Herc. Katika sherehe zake za miaka ile aliona kwamba wachezaji walikuwa wakisubiri sehemu moja tu ya wimbo, pale waimbaji na vyombo vingine vinaponyamaza dramu ikabaki peke yake, na kwamba sehemu hiyo huisha upesi mno. Akatafuta nakala mbili za santuri ileile, akawa anahama kutoka moja hadi nyingine ili dramu isikome. Kila ninapopokea wanafunzi wapya huanza na habari hiyo. Wale vijana wa Bronx walikuwa na masikio. Ndani ya wimbo mzima walijua ni sekunde zipi zilizo zao, na DJ akawatii.

Sasa tuingie kwenye hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wa leo wanapopata shida. Wimbo wa hip hop wa miaka ya 1990 huenda kwa mapigo kama 90 kwa dakika. Kati ya pigo moja na linalofuata kuna theluthi mbili za sekunde. Singeli yetu ya Dar es Salaam hupita mapigo 200 kwa dakika, na hapo nafasi hiyo haifiki hata theluthi moja ya sekunde. Wanafunzi wangu wamekulia kwenye singeli. Wana wepesi wa miguu ambao kizazi changu hakikuwa nao, nami nawavulia kofia. Lakini ukiwawekea wimbo wa mapigo 90 wanaingiwa na wasiwasi. Ile nafasi wanaiona tupu, kwa hiyo wanaijaza mikono, mizunguko, kujitupa chini, chochote kile. Huwa nawasimamisha na kuwaambia kwamba theluthi mbili za sekunde ni muda mrefu. Unaweza kuzama polepole, ukafika chini pigo linapofika, ukakaa kidogo, kisha ukapanda. Madansa wawili wanaweza kuligusa pigo lilelile kwa wakati uleule, mmoja akaonekana mgumu na mwingine ukatamani asiache. Tofauti yao iko kwenye njia waliyopita kulifikia.

Tulipoanza kudunda bila kufikiri, Kaka alitukalisha chini. Tulikaa sakafuni, migongo ukutani, tukisikiliza wimbo mmoja tena na tena. Mara ya kwanza ulitakiwa kuisikiliza dramu kubwa peke yake na kuigonga kwenye paja. Mara ya pili snea, kwa vidole. Kisha matoazi, kisha besi, kisha kinanda kama kipo, na sauti ya mtu mwisho kabisa. Aliyesimama kabla ya kuruhusiwa alirudishwa chini.

Wimbo uliotufaa kuliko yote ni "Funky Drummer" wa James Brown, uliorekodiwa Cincinnati mwaka 1969. Mpigaji dramu wake, Clyde Stubblefield, anapoachiwa uwanja peke yake, dramu kubwa na snea kila mtu anazisikia. Katikati yake, hata hivyo, kuna mapigo madogo ya snea, yaliyoguswa tu, ambayo sikio la haraka hupita bila kuyaona. Hayo madogo ndiyo yanayoufanya wimbo utembee. Ukiyaondoa unabaki na mdundo ulionyooka ambao hauna pa kukupeleka. Mamia ya nyimbo za hip hop zimejengwa kwa kukata vile vipimo vichache, na Stubblefield, aliyefariki mwaka 2017, hakupata mrabaha uliolingana na matumizi hayo. Wanafunzi wangu wote wanalijua jina lake. Tunacheza juu ya kazi ya mikono yake, na adabu inataka tumtaje.

Baada ya kusikiliza ndipo tulisimama, na kila mmoja akapewa chombo kimoja. "Wewe besi. Wewe matoazi. Wewe snea, na nisikuone unaigiza maneno ya mwimbaji." Hapo tukagundua kwamba kila sauti inadai mwili wa namna yake. Besi ni ndefu, inavutwa, inataka nyonga na mgongo, na ukiipiga kwa mkono mkavu unaikata. Matoazi ni mafupi, yanafunguka na kufunga, yanaitikia kwenye kisigino, kwenye bega, hata kwenye vidole. Snea ni amri: kitu kisimame. Anayetaka kuzicheza zote kwa pamoja hachezi hata moja. Kisha ukaja ugumu wa kweli, kushika viwili. Magoti yabaki na dramu, mabega yaende na matoazi, na moja lisimvute mwenzake. Watazame Les Twins, mapacha wa Sarcelles, Ufaransa, walioshinda Juste Debout mwaka 2011. Mara nyingi mmoja ameishika besi na mwenzake yuko kwenye sauti ya juu, halafu wanabadilishana, na katika muda wote huo magoti yao hayajaacha kudunda. Watu hushangilia mikono yao. Mimi huwatazama magoti.

Kulikuwa pia na zoezi la kimya. Tukiwa katikati ya kucheza, Kaka alishusha sauti ya redio mpaka mwisho, kanda ikiendelea kuzunguka bila kusikika, kisha akaipandisha ghafla. Aliyekuwa bado yuko na dramu aliendelea. Aliyekimbia alijulikana palepale, na karibu wote hukimbia, kwa kuwa kimya humtia mtu haraka. Nimelitumia zoezi hili kwa watoto na kwa watu wazima, na sijaona jingine linaloonyesha upesi hivyo kama gruvu iko mwilini au iko kwenye spika. Linafundisha pia umbo la wimbo. Kipimo kimoja kina mapigo manne, vipimo vinakwenda vinne vinne, na baada ya vinane au kumi na sita aghalabu kitu kinabadilika: besi inatoka, kiitikio kinaingia, dramu inakatika. Mchezaji anayelijua hilo hashtukizwi. Anaanza kuukusanya mwili kabla, na mabadiliko yanapofika yanamkuta mlangoni.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Bagamoyo kutazama tamasha pale TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981. Baada ya maonyesho nilimkuta mzee mmoja, mpigaji ngoma, amekaa chini ya mti na chapuo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona unatikisa kichwa pale mbele. Wewe unacheza nini?"

"Hip hop, mzee."

"Hiyo ngoma yake inasemaje?"

Nikaipiga kwa mdomo. Aliisikiliza kwa makini hasa, akairudia kwa vidole juu ya ngozi, akaniambia nitembee kwa miguu palepale, kulia na kushoto, nisiache. Kisha akaanza kupiga mapigo matatu juu ya kila hatua zangu mbili. Miguu yangu ikataka kumfuata. "Aa-aa," akasema. "Mguu ni wako, mkono ni wangu. Usinipe mguu wako." Tulikaa hapo mpaka jua likawa jekundu. Alipoona nimetulia akaniambia nipige makofi pamoja naye, tatu mikononi na mbili miguuni, na ghafla nikawa na ngoma mbili ndani ya mwili mmoja. Ni kilekile Kaka alichokuwa akikitafuta kwa redio yake, magoti huku na mabega kule, isipokuwa mzee yule alikirithi kwa watu waliokuwa wakikifanya tangu enzi za mababu.

Naomba niseme jambo hapa kwa sababu linanikera. Wapo wanaosema Mwafrika huzaliwa na mdundo, na wapo kati yetu wanaolipokea neno hilo kama sifa. Mimi silipokei. Nimekulia kwenye mtaa ambao mdundiko wa Wazaramo ulipita jioni za harusi na shughuli za unyago, ngoma mbele na watu nyuma, na sisi watoto tukiufuata mtaa hadi mtaa mpaka mama zetu wakaja kututafuta. Tulikuwa tunafundishwa. Hakuna aliyetuita darasani, lakini kila mwili mkubwa uliotembea mbele yetu ulikuwa unatuonyesha uzito unashuka wapi, nyonga inachelewa kiasi gani, na mtu anapumzikia wapi bila kutoka kwenye ngoma. Ukisema tumezaliwa nao umewafuta wazee wote waliofanya kazi hiyo. Umemwambia pia kijana aliyekulia kwenye nyumba isiyo na ngoma kwamba amechelewa, na hajachelewa. Nimewafundisha watu waliokuja hawawezi kupiga makofi pamoja na wenzao, na leo wanacheza vizuri.

Sikio langu lilipata mtihani mwingine nilipofikia kazi za J Dilla. James Yancey, mtoto wa Detroit, alitengeneza midundo kwa mashine ya Akai MPC3000, ile ambayo sasa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi mjini Washington. Aliyasogeza mapigo. Dramu kubwa inaweza kufika imechelewa kidogo, snea ikawahi, na matoazi yakabaki yamenyooka, kila kimoja na saa yake. Albamu yake ya Donuts ilitoka tarehe 7 Februari 2006, siku aliyotimiza miaka 32, na tarehe 10 akafariki. Mchezaji aliyezoea kuhesabu moja mpaka nane hupotea ndani ya midundo hiyo, maana namba zimenyooka na wimbo haujanyooka. Inabidi uache hesabu, uegemee kwenye dramu na kukubali inavyochelewa.

Kwa Dilla nilielewa kwamba kuna kuchelewa kwa namna mbili. Yupo anayechelewa kwa sababu hasikii, na yupo anayejua pigo liko wapi hasa, akaliacha lipite kwa unywele, ndipo akashuka. Huyu wa pili ndiye tunayemwita fundi. Kutoka nje unaweza usione tofauti kwa pigo moja. Kwa vipimo vinne utaiona, kwa sababu fundi huchelewa kwa kiasi kilekile kila mara, na akitaka hurudi katikati ya pigo bila kuyumba.

Lugha nayo ina mchango ambao walimu wetu hawaugusi. Wanafunzi wengi hucheza rapa za Kiswahili kwa namna walivyojifunza kucheza za Kiingereza, mwili ukiangukia mwisho wa mstari. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, kwa hiyo uzito na kina huweza kukutana mahali pamoja. Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua albamu ya Profesa Jay ya mwaka 2001, Machozi, Jasho na Damu, na usikilize jina lenyewe: uzito uko kwenye cho, kwenye ja, kwenye da, kisha neno linamalizikia nyuma yake kwa ulaini. Rapa hodari wa Kiswahili anautumia ule mkia. Mchezaji anaweza kushuka kwenye mkazo na kuuacha mkono umalize silabi ya mwisho, au akaungojea mkia na kugonga pale. Hizo ni hisia mbili ambazo Kiingereza hakizitoi kirahisi, nazo ni mali yetu. Natamani kuona kundi moja la Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa limeifanyia kazi mali hiyo mwaka mzima.

Mchezaji bora niliyewahi kumwona kwa macho yangu hajawahi kuwa kwenye video yoyote ninayoijua. Alikuwa dada wa Buguruni, mkubwa wetu kidogo, aliyekuja kwenye pambano moja amevaa viatu vya kazini. DJ alimpigia wimbo mzito, wa polepole. Hakufanya kitu kwa vipimo vinne vya mwanzo isipokuwa kudunda, mikono mfukoni. Besi ilipoingia, bega moja likaondoka. Ilipotoka, bega likarudi. Katikati ya wimbo dramu ilikatika ghafla, naye alikuwa ameshasimama kabla haijakatika, kidevu juu, na ukumbi mzima ukapiga kelele kwa sababu kwa mara ya kwanza usiku ule wote waliisikia dramu kwa kutokuwepo kwake. Waamuzi walimpa ushindi kijana aliyefuata, ambaye alipiga sarakasi mbili za kurudi nyuma wakati mwimbaji akinong'ona. Wale waamuzi walihesabu walichokiona. Kile tulichokisikia kupitia kwa yule dada hakikuwa na mahali kwenye karatasi zao.

Karatasi inaweza kubadilishwa. Dansi ya breki ilipoingia kwenye Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, waamuzi walitumia vigezo vitano vyenye uzito sawa, na uhusiano wa mchezaji na muziki ulikuwa kimojawapo, sawasawa na ufundi wa mwili. Wachezaji hawakuchagua nyimbo. DJ aliweka, nao wakacheza walichopewa. Mapambano yetu mengi ya mitaani bado yanamruhusu mtu kuja na wimbo wake kwenye simu, aliourudia nyumbani mpaka amekariri kila sekunde, na huko kukariri tunakupigia makofi kana kwamba ni kusikia.

Ninyi mnaoandaa mapambano, Temeke, Eastleigh, Kampala au popote mlipo, msiwaruhusu watu kuja na nyimbo zao. Mwacheni DJ achague, na muziki upewe alama zake kwenye karatasi, zilizoandikwa na kujulikana kabla ya pambano kuanza. Na wewe unayefundisha watoto jioni kwenye ukumbi wa kuazima, zima kamera, wakalishe chini, uwapigie wimbo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla hujawaonyesha stepu hata moja.